Uzi: Ahadi za Mungu wakati wa taabu, tuzishikeje ili zitufariji kweli?

Mwinjilisti_Bahi

Mbukwenyi wapendwa. Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya Mkristo aliye katikati ya taabu, na kwa yule anayetumwa na jumuiya kwenda kumfariji. Kipindi cha Januari hadi Machi huku kwetu Dodoma kinajulikana: mtama wa mwaka jana umekwisha, wa mwaka huu bado uko shambani, shule zimefunguliwa, na ugonjwa haungoji mavuno. Kila asubuhi kwenye grupu la WhatsApp inaingia picha ya maua yenye mstari mmoja wa ahadi. Watu wanaitikia "Amina", kisha wanabaki na mzigo uleule.

Ahadi ya Mungu hufariji ikishikwa kama ilivyotolewa. Ikinyofolewa na kupewa maana tunayoitamani sisi, inaanguka siku shida inapozidi, na mtu anadhani aliyeanguka ni Mungu. Kwa hiyo tusaidiane namna ya kuzishika.

Tuchukue Yeremia 29:11, maana ndio unaotumwa kuliko yote: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mstari huu umo ndani ya barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, pamoja na mfalme Yekonia. Rudi aya moja nyuma, ya 10: kurudishwa kutakuja Babeli itakapotimiza miaka 70. Aliyeisikia barua ile akiwa na miaka 40 alijua atazikwa ugenini. Rudi tena mpaka aya ya 5 hadi ya 7 uone walichoambiwa wafanye wakati wakingoja: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuwaoza watoto wao, wauombee amani mji ule uliowateka.

Sasa soma sura ya 28 inayotangulia. Nabii Hanania alikuwa amewaahidi kwamba mambo yote yatakwisha ndani ya miaka miwili. Bila shaka watu walimpenda zaidi yeye. Yeremia akamwambia wazi kwamba amewatumainisha watu uongo, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Ukimpa mwenye shida Yeremia 29:11 kwa maana ya "wiki hii utapata mpenyo", umempa ahadi ya Hanania kwa sauti ya Yeremia.

Kwa hiyo kila ahadi iulizwe: aliambiwa nani, akiwa katika hali gani? Kuna sharti? Inaongezea nini juu ya yale tuliyopewa katika Kristo, maana 2 Wakorintho 1:20 inasema ahadi zote za Mungu katika yeye ni Ndiyo? Nusu saa inatosha kwa kazi hiyo: soma sura nzima, na ile iliyotangulia, na ile inayofuata.

Karibuni mchangie. Nitarudi kueleza namna ya kuomba kwa zaburi za maombolezo, maana hapo ndipo wengi tunapokwama.

Katekista_Kondoa

Milele na milele, amina. Asante sana Mwinjilisti.

Naongezea kwa wanaofundisha. Ahadi nyingine zilikuwa za mtu mmoja kwa jambo moja, kama Sara kuambiwa atapata mwana wakati kama huo mwakani (Mwanzo 18). Mama asiyepata mtoto anaweza kujifunza hapo kwamba hakuna lililo gumu la kumshinda Bwana, ila hakuahidiwa tarehe. Nyingine ni za taifa la Israeli na agano lake, hasa zile za Kumbukumbu la Torati 28 kuhusu mvua na ghala. Nyingine zimetolewa kwa kila aaminiye, na hizi ndizo za kumpa mtu bila woga hata ukiwa hujui taabu yake itaishaje: Mathayo 28:20, kwamba Bwana yupo pamoja nasi siku zote, Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa", Warumi 8:38-39, Yohana 11:25.

Tena kuna ahadi moja ambayo haitumwi kwenye picha za maua, nayo imetoka kinywani mwa Yesu mwenyewe: "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo, mimi nimeushinda ulimwengu" (Yohana 16:33). Anayeijua hii mapema hashtuki akadhani ametupwa siku dhiki inapobisha hodi.

Mpendwa_Ipagala

Shalom watumishi. Nawaheshimu, ila naona mnaipunguza imani. Neno linasema kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Mtu akiwa kitandani anahitaji kukiri ushindi, si kupewa historia ya Babeli. Mathayo 8:17 inautaja unabii wa Isaya 53 palepale Yesu alipoponya wagonjwa, kwa hiyo msituambie ni mambo ya kiroho peke yake. Na Yakobo 5 inasema kuomba kwake kwa imani kutamwokoa mgonjwa. Mkianza kuweka "labda" kila mahali, nani ataomba kwa ujasiri?

Mwinjilisti_Bahi

Mpendwa, hoja yako ya Mathayo 8 ni sahihi na naipokea yote. Yesu huponya mwili, na kanisa lisiloombea wagonjwa limeacha agizo. Waite wazee, mafuta yapakwe, iombwe kwa sauti na kwa ujasiri wote.

Ila soma na hawa: Trofimo, Paulo alimwacha Mileto hawezi (2 Timotheo 4:20). Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Paulo mwenyewe alimsihi Bwana mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Ujasiri wa kuomba umewekewa mfano mzuri sana katika Danieli 3:17-18. Wale vijana watatu walisema kwanza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, halafu wakaongeza, "Bali kama si hivyo". Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja katika kinywa kimoja, na Mungu hakuyahesabu kuwa mashaka.

Madhara ya kukiri kusiko na "bali kama si hivyo" yanaonekana baada ya mazishi. Mjane anabaki kujiuliza ni dhambi gani yake iliyozuia uponyaji. Huo ni mzigo wa marafiki wa Ayubu, na katika Ayubu 42:7 Mungu aliwakasirikia wao, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Nesi_Mvumi

Bwana asifiwe wote. Naomba niseme jambo la wodini, maana hili linagharimu maisha.

Usimwambie mgonjwa aache dawa kama ushuhuda wa imani. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi 6. Mgonjwa anapata nafuu wiki za mwanzo, anaacha, vijidudu vilivyobaki vinajenga usugu, na safari ya pili inakuwa ngumu kuliko ya kwanza. Dawa za presha na kisukari nazo, mtu anajisikia mzima kwa sababu anazitumia. ARV vilevile.

Someni Isaya 38. Hezekia aliugua ugonjwa wa kufa, akalia, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa wazi na imetoka kwa Mungu mwenyewe. Hata hivyo aya ya 21 Isaya akaagiza watwae mkate wa tini wauweke juu ya jipu lake, naye atapona. Ahadi na dawa vilikuwa chumba kimoja.

Kwa wanaotembelea wagonjwa: dakika 15 zinatosha kwa aliyefanyiwa upasuaji au mwenye maumivu. Muulize kwanza kama angependa kusomewa. Simama au kaa mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Usikae juu ya kitanda chake. Soma aya 4 hadi 8, polepole. Sala iwe fupi kuliko somo. Msije kumi kwa pamoja mkaimba mapambio huku kitanda cha pili kuna mtu hajalala usiku kucha. Waingie wawili, wengine waombe nje. Na kabla ya kuondoka muulize ndugu anayemuuguza kama amekula. Huyo analala sakafuni kwenye kibaraza na mara nyingi hakuna anayemkumbuka.

Shemasi_Kikuyu

Mwinjilisti, tunangoja zile zaburi za maombolezo. Wengi tumefundishwa kwamba kumlalamikia Mungu ni dhambi ya Waisraeli jangwani.

Mwinjilisti_Bahi

Swali zuri, shemasi. Waisraeli kule jangwani walinung'unika juu ya Mungu wakitaka kurudi Misri. Mwenye zaburi analia akimwelekea Mungu, na hana mpango wa kwenda kwingine. Tofauti iko kwenye uso umeelekea wapi.

Anza na Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu. Aya ya 1 na 2 ni kilio, na humo "hata lini" imetajwa mara nne. Aya ya 3 na 4 ni ombi: uangalie, unijibu, uyatie nuru macho yangu. Aya ya 5 na 6 ni tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako". Angalia kwamba kati ya aya ya 4 na ya 5 hakuna habari kwamba adui ameondoka. Hali ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba amemkumbuka anayesema naye.

Namna ya kuifanya nyumbani. Chukua daftari, gawa ukurasa sehemu tatu. Juu andika "hata lini" zako, kwa majina yake halisi: deni la duka, ripoti ya hospitali, mtoto aliyeondoka nyumbani. Usiandike maneno ya kanisani, andika kama unavyomwambia ndugu yako. Katikati andika ombi, na liwe ombi moja linaloeleweka. "Unibariki" haliombi kitu. Chini andika ahadi moja uliyoichunguza kama tulivyosema juu, na jambo moja ambalo Mungu amekwisha kulitenda. Kisha uisome yote kwa sauti. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Siku inayofuata usiandike upya, soma ileile na uongeze tu kilichobadilika.

Ahadi iwe moja kwa wiki nzima. Mtu mwenye huzuni kichwa chake hakishiki mistari kumi. Anaisoma yote na hakuna inayomwingia. Iandike kwenye karatasi, ibandike nyuma ya mlango au pale unapochotea maji, uisome asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Kwa usiku, Zaburi 4:8 ni fupi na inashikika.

Yanayoharibika ni mawili. Wapo wanaoruka kilio wakaanzia aya ya 5, wanaimba sifa huku ndani kunachemka, na baada ya muda sala inawachosha hadi wanaiacha. Wapo pia wanaokaa kwenye aya ya 2 miezi mitatu bila kushuka kwenye ombi. Hao wanahitaji mtu wa kusoma nao, ashike zamu ya aya ya 5 na 6 kwa niaba yao mpaka sauti yao irudi.

MamaMtaa_Changombe

Hilo la kusoma kwa niaba ya mwenzio nimelipenda, Mwinjilisti. Kwa sisi wa Umoja wa Mama ndiyo kazi yetu hasa.

Naongelea msiba. Siku za turubai kuna watu, kuna kwaya, kuna chakula, daftari la rambirambi linazunguka. Turubai likishushwa na ndugu wa Singida na Manyoni wakipanda basi, ndipo mfiwa anabaki na nyumba. Kundi letu lipange ratiba kabla ya mazishi, si baada: nani ataenda wiki ya pili, nani mwisho wa mwezi wa kwanza, nani mwezi wa tatu, na nani ataandika tarehe ya kifo ili mwaka ukitimia mtu abishe hodi siku ile. Waende wawili, wachukue kitu cha matumizi: unga, sukari, sabuni, mkaa, au madumu ya maji yaliyojaa kama mtaa una mgao. Yakobo 2:15-16 inawakemea wanaomwambia ndugu "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" pasipo kuwapa mahitaji ya mwili.

Maneno ya kutosema siku tatu za kwanza. "Usilie", wakati Yohana 11:35 inasema Yesu alilia machozi, na alikuwa anajua kwamba muda mfupi ujao Lazaro atatoka kaburini. "Mungu alimpenda zaidi", kwa mama aliyefiwa na mtoto, unamfanya Mungu kuwa mnyang'anyi. "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba" haimo katika Biblia; 1 Wakorintho 10:13 inazungumza juu ya kujaribiwa tutende dhambi, na Paulo huyohuyo katika 2 Wakorintho 1:8 anasema walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Warumi 8:28 ni kweli tupu, lakini mwachie mfiwa mwenyewe aifikie. Ukiitanguliza wewe, atasikia kwamba unamwambia kifo kile ni chema.

Useme nini basi? "Pole sana mama, tupo." Taja jina la marehemu. Kaa. Wale marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa. Somo la kusoma: Zaburi 34:18, au Zaburi 23, au 1 Wathesalonike 4:13-18. Hiyo ya mwisho haikatazi kuhuzunika. Inakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini, na inamalizia kwa agizo: farijianeni kwa maneno hayo.

Mpendwa_Ipagala

Mama, hapo kwenye "mzigo asioweza kuubeba" umenifungua. Hata kwetu inahubiriwa. Nitaiangalia upya hiyo 2 Wakorintho 1.

Katekista_Kondoa

Mama ametaja wajane. Zaburi 68:5 inamwita Mungu "Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane". Mwamuzi ni mtu wa baraza na hukumu. Jumuiya inayoisoma ahadi hiyo kwa mjane halafu ikamwacha aende peke yake kwenye mirathi haijamaliza kusoma.

Kwa ufupi, mjane atahitaji cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na kibali cha mazishi au taarifa ya hospitali ndiyo inayosaidia kukipata, kwa hiyo karatasi hizo zisipotee kwenye pilikapilika. Kisha muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi wa mirathi, halafu maombi mahakamani. Ndugu wasiomtakia mema mara nyingi humharakisha wiki ile ya kwanza asaini vitu. Mtu wa jumuiya akae naye, amwambie asisaini chochote ambacho hajasomewa. Vyeti vya ndoa na vya watoto, kadi ya benki na hati ya kiwanja viwekwe mahali pamoja. Faraja ya Zaburi 68 inapitia humo.

Mkulima_Hombolo

Natoa la wakulima. Habakuki 3:17-18 ni kama imeandikwa kwa Dodoma: mizabibu isiyo na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi. Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Ikikatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, hakuna msimu wa pili wa kufidia. Wazee wa Ugogo bado wanaitaja njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920. Kwa hiyo aya ile haitusomei mambo ya mbali.

Habakuki hakuanza na furaha. Sura ya 1 inaanza na "hata lini", sura ya 2 anaambiwa angoje hata ikikawia, na ndipo sura ya 3 anasema "Walakini nitamfurahia Bwana". Kitabu kina sura 3 tu. Kisomwe chote jioni moja na familia, baba asome ya 1, mama ya 2, kijana ya 3.

Neno "walakini" halimkatazi mtu kupanda mtama na uwele badala ya kuweka shamba lote mahindi, wala kuchimba makinga maji, wala kuuza mbuzi wawili mapema akiwa bado na afya badala ya kungoja akonde. Kumtumaini Mungu na kusoma dalili za msimu havigombani. Wale mateka wa Babeli waliambiwa wapande bustani.

Dada_Nzuguni

Shikamooni wakubwa zangu. Nauliza kwa ajili ya mwenye madeni. Mtu amekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kila siku anapigiwa simu, na kanisani anaambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka, ili Bwana afungue madirisha ya mbinguni. Ahadi ipi imfae?

Mwinjilisti_Bahi

Marahaba dada. Mpeleke 2 Wafalme 4:1-7. Mjane ana deni, mdai amekuja kuchukua wana wake wawili wawe watumwa. Elisha hakumwomba sadaka. Alimuuliza ana nini nyumbani, na muujiza wa mafuta ulipokwisha akamwambia akauze mafuta, alipe deni, na kinachosalia ale na wanawe. Mungu alijishughulisha na deni lenyewe mpaka shilingi ya mwisho.

Kwa vitendo: aandike madeni yote kwenye karatasi moja, jina la mkopeshaji, kiasi alichochukua, alicholipa, kilichobaki, riba. Lenye riba ya siku litangulie. Asikope pengine kulipa hili. Aende kwa mkopeshaji na mtu mzima wa kanisa, aombe kulipa kwa awamu na apewe maandishi. Kikundi cha VICOBA au mfuko wa jumuiya ukiweza kulimaliza deni la riba kubwa na kumpa muda mrefu, hapo kanisa limetimiza Wagalatia 6:2. Na Wafilipi 4:19, "atawajazeni kila mnachokihitaji", waliandikiwa watu waliokuwa wamemtumia mfungwa msaada. Anayemnyang'anya mwenye deni pesa yake ya mwisho kwa jina la mbegu anaisoma kinyumenyume.

Shemasi_Kikuyu

Na Zaburi ya 88? Inaishia na neno "gizani" na hakuna aya ya tumaini. Tunamsomea nani?

Katekista_Kondoa

Shemasi, Kanisa Katoliki limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa, na mpangilio wa zamani wa Kianglikana wa kusoma zaburi zote 150 kwa siku 30 umeiweka asubuhi ya siku ya 17. Maana yake kanisa halikungoja watu wazame ndipo liifungue. Linaizoeza midomo yetu mapema. Msomee yule ambaye kila mstari wa furaha unamchoma. Hata humo gizani anaanza kwa kumwita "Mungu wa wokovu wangu", na kumwita tu kunatosha kwa siku hiyo.

Nesi_Mvumi

Niongezee hapo. Mtu akipita wiki mbili hali, halali, haoni maana ya lolote, au akitamka kwamba afadhali afe, usimwachie zaburi peke yake. Usimwache peke yake siku hiyo, ondoa karibu naye viuatilifu vya shamba na dawa nyingi, mpeleke kituo cha afya cha karibu. Mkoa wetu una Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na hakuna aibu kuingia pale. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate wa makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, ndipo safari ya Horebu ikafuata. Wanaomhudumia mtu wa namna hiyo waanze na uji na usingizi.

Dada_Nzuguni

Asanteni sana wazazi wangu. La mwisho: kesho asubuhi kuna mtu wetu anaingia chumba cha upasuaji hapo mjini. Tumsomee nini, na tusemeje bila kumwahidi ambalo hatujaahidiwa?

MamaMtaa_Changombe

Zaburi ya 121, mwanangu. Aya 8, dakika mbili. Isomeni leo jioni yeye akiwa bado na nguvu ya kuitikia, na kesho irudieni aya ya 3 na ya 4 tu: aliye mlinzi hasinzii wala halali usingizi. Yeye atalazwa usingizi kwa dawa, kwa hiyo hizo ndizo atakazozishika. Msimwambie "utatoka mzima". Mwambieni, "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele", maana hiyo ameahidi, nayo inafika hata upande wa pili wa kifo. Halafu muombeeni madaktari, na ombeni waziwazi apone. Mmoja wenu abaki pale nje na simu yenye chaji, na pia muulize mapema kama damu inahitajika, ili watakaojitolea wawe wamekula asubuhi.